Ne bis in idem: Kosa Lilelile au Tendo Lilelile?

Wanasheria wa Ulaya huitaja kwa Kilatini, ne bis in idem: kanuni inayokataza mtu kushtakiwa upya kwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "kutoshtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile". Ndani ya nchi moja maneno hayo yanatosha. Kanuni ikivuka mpaka, neno "kosa" linapwaya.

Mbelgiji mmoja alifungwa Norway mwaka 2000 kwa kuingiza dawa za kulevya. Baada ya kutumikia sehemu ya kifungo alirudishwa kwao, na huko akashtakiwa kwa kuzitoa nchini dawa zilezile. Hoja ya upande wa mashtaka haikuwa ya kipuuzi: kuingiza ni kosa Norway, kutoa ni kosa Ubelgiji, basi makosa ni mawili. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilifafanua Kifungu cha 54 cha Mkataba wa Utekelezaji wa Schengen wa 1990, unaoihusu Norway pia. Ilisema kinachopimwa ni matendo yenyewe, yaani mambo yaliyoshikamana kwa wakati, mahali na kiini chake. Jina ambalo sheria ya kila nchi imeyapa halizingatiwi.

Hapo ndipo hakimu wa taifa anapofungwa mikono. Akiridhika kwamba matendo ni yaleyale, kwamba uamuzi wa nchi ya kwanza ni wa mwisho, na kwamba adhabu, kama ilitolewa, imetekelezwa, inatekelezwa au haiwezi tena kutekelezwa, hana budi kuifuta kesi, hata kama sheria ya kwao ingetoa adhabu kali zaidi. Tangu 2003, hata mapatano ya kulipa fedha kwa mwendesha mashtaka, bila jaji kuhusika, yanaweza kumzuia. Lakini jalada lililofungwa bila uchunguzi wa kina halimzuii. Hilo liliamuliwa 2016, na kwa haki, la sivyo waathiriwa wangeachwa mikono mitupu.

Nje ya Ulaya kinga hii ni dhaifu. Mwaka 1987 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba Kifungu cha 14(7) cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinahusu hukumu za nchi moja tu.

Turudi kwenye jina: wapo wanaoiita kanuni hii "hatari maradufu". Maneno hayo hayamwelezi msomaji hatari gani, wala ya nani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50(2)(o), yenyewe inazungumzia kosa linalotokana na tendo au kutotenda ambako mshtakiwa aliwahi kuhukumiwa au kuachiwa. Wakalimani wa mahakama na waandishi wa habari, tuandike "katazo la kushtaki tena kwa tendo lilelile".