Minara Ipitayo Mashambani

Huenda wewe, msomaji, ukisafiri kwa gari kutoka Nairobi kwenda Nakuru, umepata kuiona minara mirefu ya chuma ikipanda vilima na kushuka mabonde, kila mmoja umenyosha mikono yake kushika nyaya. Minara ya namna hiyo ilipita katika shamba la jirani yetu nilipokuwa mtoto. Asubuhi za ukungu tulizisikia nyaya zikivuma kama nyuki mzingani. Jioni, karibu na nyaya hizo hizo, nilisoma kwa taa ya koroboi hata masizi yakanijaa puani. Siku moja nilimwuliza baba, “Ikiwa umeme wapita hapa juu yetu, mbona sisi tuko gizani?” Baba akanijibu, “Huo si wetu, mwanangu. Ni wa Nairobi.” Jibu hilo halikuniridhisha, na hata leo wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile.

Ili tulijibu sawasawa, hatuna budi kurudi nyuma hata wakati ambapo hapakuwa na mnara hata mmoja.

Umeme uliingia Kenya kwa mlango wa pwani. Husimuliwa kwamba katika mwaka wa 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alijipatia mtambo wa kuwasha taa katika jumba lake na njia zilizo karibu nalo. Mwaka wa 1908 mtambo huo ulinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikaundwa kampuni ya kuwauzia umeme watu wa kisiwa hicho. Mwaka uo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kuuza umeme katika mji wa Nairobi. Hivyo mwangaza ulikuwa sehemu mbili tu, na katikati nyika tupu. Hata kampuni hizo mbili zilipounganishwa mwaka wa 1922 na kuitwa East African Power and Lighting Company, vilivyounganishwa vilikuwa vitabu vya hesabu. Nyaya zenyewe hazikukutana. Mtambo wa mji mmoja ulipoharibika, mji huo ulilala gizani ijapokuwa mji wa pili ulikuwa na umeme wa kubaki.

Jambo lililogeuza mambo lilitoka Uganda. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, pale mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria. Umeme wa bwawa hilo ulizidi mahitaji ya Uganda ya siku zile, na Nairobi, ambayo viwanda vyake vilikuwa vikiongezeka, ilikuwa na upungufu. Basi tarehe 1 Februari mwaka huo ikaundwa Kenya Power Company, na kazi yake ilikuwa kujenga njia ya umeme kutoka Tororo, mpakani, hadi Nairobi. Wakapatana kwamba Uganda itaiuzia Kenya megawati 30 kwa muda wa miaka 50. Njia hiyo, yenye volti 132,000, ilianza kazi mwaka wa 1958, ikipita Lessos, Lanet na Naivasha. Hebu fikiri: mtu aliyeketi Nairobi akisoma gazeti usiku aliangaziwa na maji ambayo kwa siku zile zile yalikuwa safarini kwenda Sudan na Misri.

Wako wasemao kwamba ilikuwa aibu kununua umeme kwa jirani hali mto Tana ulikuwa ukipita bure. Mimi sikubaliani nao. Kujenga bwawa huchukua miaka na fedha nyingi, na viwanda havingoji. Bwawa la Kindaruma katika mto Tana lilianza kazi mwaka wa 1968, kisha yakafuata Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981, na Kiambere mwaka wa 1988. Kila bwawa lilidai njia zake za kupeleka umeme kwa wanunuzi, na ndivyo nchi ilivyoanza kushonwa kwa nyaya.

Sasa na tulirudie swali la mtoto. Umeme una msongo, ndiyo nguvu inayousukuma, nao hupimwa kwa volti. Tena una mkondo, ndio wingi wa umeme upitao katika waya. Mkondo upitapo, waya hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Mkondo ukizidi mara mbili, hasara yazidi mara nne. Lakini ukiuinua msongo mara kumi, waweza kupeleka umeme ule ule kwa mkondo ulio sehemu moja ya kumi tu, na hasara yawa sehemu moja ya mia. Ndiyo sababu umeme upandishwa msongo na transfoma kubwa kabla haujatoka bwawani, na ukifika karibu na mji ushushwa, ukashushwa tena mtaani hata ukawa volti 240 za nyumbani. Transfoma ndogo uionayo juu ya nguzo ya mti haiwezi kuzishusha volti 132,000. Pahitajika kituo kizima chenye ua, mashine za tani nyingi na watu wa kuzitunza, na gharama yake yawashinda watu wa kijiji kimoja. Baba yangu, basi, hakukosea sana.

Wala usidhani kwamba nyaya zikisha kuvutwa kazi imekwisha. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi, isipokuwa kidogo sana; unaotumiwa sasa hivi hutengenezwa sasa hivi. Katika kituo cha usimamizi kilichoko Juja Road, Nairobi, wako watu wanaokesha usiku na mchana wakiangalia kwamba umeme wa nchi nzima watetema mara 50 kwa kila sekunde. Jua likitua na taa zikiwashwa, mitambo huelemewa, mitetemo ikaanza kupungua, na hapo hapo huagizwa bwawa fulani liongeze maji. Wakichelewa, au mtambo mkubwa ukikatika ghafula, mitambo mingine hujifunga yenyewe mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani. (Tumbili mwenyewe alipona.) Mnamo Januari 2022 tena, umeme ulikatika nchini kote baada ya minara ya njia ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi kuanguka, kwa kuwa wezi walikuwa wameing’oa vyuma vyake.

Kwa miaka mingi kampuni iuzayo umeme ndiyo iliyojenga njia kuu pia, nayo ilijenga kwa kadiri ya fedha zilizobaki. Mwaka wa 2008 serikali iliunda kampuni mbalimbali nayo, iitwayo KETRACO, ili kazi yake iwe ni kujenga njia kubwa na kuzitunza, kwa fedha za serikali na mikopo. Kujenga njia si kusimamisha vyuma tu. Kwanza hupimwa mahali zitakapopita. Kisha hutakiwa ukanda wa ardhi: mita 30 kwa volti 132,000, mita 40 kwa volti 220,000, na mita 60 kwa volti 400,000. Mwenye shamba hulipwa fidia, na ardhi hubaki yake. Aweza kulisha ng’ombe au kupanda maharagwe, lakini hana ruhusa kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu. Hapo ndipo penye ugomvi, maana shamba la ekari moja likitolewa ukanda wa mita 60, husalia nini?

Mfano wa ugomvi huo ni njia ya Loiyangalani. Karibu na ziwa Turkana, mahali penye upepo usiokoma, ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo, ikawa tayari mwaka wa 2017, yenye nguvu ya megawati 310. Lakini njia ya kuuleta umeme huo hadi Suswa, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 400, ilikuwa haijakwisha. Wenye ardhi walikuwa wakidai fidia, na kampuni ya Kihispania iliyopewa ujenzi ilifilisika. Zaidi ya mwaka mzima mapanga yale makubwa yalisimama juu ya jangwa bila kazi. Tena mapatano yalisema kwamba umeme ulio tayari lazima ulipiwe hata kama hapana waya wa kuupeleka, na deni hilo la mabilioni ya shilingi likawaangukia watumiaji. Njia ilikamilika Septemba 2018. Mimi naona kosa halikuwa la mafundi bali la mpango: mtambo na njia yake vilipaswa kukua pamoja kama mtoto na kivuli chake.

Suswa yenyewe, pale penye vumbi chini ya mlima, imekuwa njia panda ya umeme. Hapo pia hufikia njia itokayo Wolayta Sodo, Ethiopia, yenye kilomita 1,045, na Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kwa njia hiyo. Na Desemba 2024 njia ya Isinya hadi Singida iliunganisha Kenya na Tanzania.

Nyumbani kwetu umeme uliwasili nilipokuwa nimekwisha maliza shule. Haukushuka kutoka minarani. Ulikuja kwa nguzo za miti kutoka upande wa sokoni. Baba aliwasha taa ya sebuleni, akaizima, akaiwasha tena. Kisha akatoka nje, akaitazama ile minara shambani kwa jirani.

“Ile bado ni ya Nairobi,” akasema.