Chungu cha Maji na Ziwa Zima: Historia Fupi ya Ruhusa na Umiliki

Mara nyingi walimu wenzetu hutuuliza swali ambalo kwa juu juu laonekana jepesi: shule ikinunua programu moja ya kompyuta, je, yaweza kuisakinisha katika kompyuta zote kumi za darasa? Wengi hujibu upesi kwamba aliyenunua ndiye mwenyewe, na mwenyewe hufanya apendavyo. Jibu hilo lina kosa, na kosa lake halitokani na kutojua mitambo. Latokana na kuchanganya mambo mawili ambayo wazee wetu waliyatenga zamani, yaani kumiliki kitu na kuruhusiwa kukitumia. Katika makala haya twakusudia kuyatenga tena mambo hayo. Tutaanzia mbali na mitambo, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, ulipo leo mji wa Nchelenge katika nchi ya Zambia, kwa sababu ni mahali pachache ambapo historia ya ruhusa yaonekana waziwazi namna ile.

Zawadi ya Nachituti

Ziwa Mweru limegawanywa kati ya Zambia na Kongo. Ng'ambo ya Nchelenge, katika miji ya Pweto na Kilwa, watu husema Kiswahili cha Katanga. Basi msomaji wetu si mgeni kabisa katika maji hayo. Kabla ya mipaka ya wakoloni, wavuvi wa ziwa walikuwa Washila chini ya mtawala wao Nkuba. Baadaye Walunda walitoka magharibi wakiongozwa na Mwata Kazembe, wakasimamisha dola yao katika bonde la Luapula, kusini ya ziwa.

Masimulizi ya nchi hiyo yaeleza kwamba Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo kwa uchungu alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba kisasi. Kazembe akamtimizia haja yake, na Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti alipomshukuru Kazembe kwa kumpa vitu viwili: kikapu cha udongo na chungu cha maji. Kwa vitu hivyo alikuwa amempa nchi na maziwa yake. Mwanahistoria David M. Gordon aliifanya zawadi hiyo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 2006, maana aliona kwamba mabishano mengi juu ya ardhi na uvuvi wa Luapula yarejea kwenye kisa hicho.

Tukitazame chungu kile kwa makini. Maji yaliyokuwamo yangeweza kunywewa na mtu mmoja yakaisha. Aliyeona chungu peke yake angedhani Kazembe amepewa kinywaji. Aliyejua desturi alitambua kwamba amepewa haki. Na hata haki hiyo haikuwa ya kila kitu. Jina la Nkuba liliendelea kurithiwa, na wazee wa wenyeji waliendelea kutambuliwa kuwa wenye nchi na wenye maji katika mambo ya tambiko, ingawa utawala ulikuwa wa Kazembe. Fundisho la kwanza ni hili: kitu kilichomo mkononi si haki yenyewe. Yapasa kuuliza daima, pamoja na chungu hiki nimepewa haki gani, na ni ipi iliyobaki kwa mwenyewe?

Ruhusa ya kupita

Wasafiri waliofika kwa Kazembe walijifunza fundisho la pili kwa taabu. Pedro João Baptista na Amaro José, wafanya biashara waliotumwa na Wareno kutoka Angola, waliwasili huko mwaka 1806. Walikaribishwa, wakapewa mahali pa kukaa. Lakini ruhusa ya kuendelea hadi Tete hawakuipata mpaka mwishoni mwa mwaka 1810. Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867, na kisha mji mkuu wa Kazembe, alimkuta huko mfanya biashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Hakufungwa minyororo, bali alikosa idhini ya kuondoka. Basi, ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kupita, na ruhusa ya kukaa si ruhusa ya kutoka. Kila ruhusa ina mpaka wake, na mpaka huo huwekwa na mwenye nchi wala si na mgeni.

Karatasi ya mwaka 1890

Fundisho la tatu ndilo chungu zaidi. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika kwa Mwata Kazembe, akapata mkataba uliohusu pia haki za madini, kwa faida ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Kwa desturi ya nchi, kumkaribisha mgeni na kumpa idhini hakukuwa kumkabidhi enzi. Kampuni iliisoma karatasi kwa macho mengine. Kazembe alipokataa kutii, mji wake ulichomwa moto na majeshi ya Waingereza mwaka 1899. Kwa mikataba ya namna hiyo Kampuni iliendelea kudai ushuru wa madini ya Rhodesia ya Kaskazini mpaka nchi ilipopata uhuru mwezi Oktoba 1964. Hapa twaona jinsi maneno ya karatasi ambayo hayakueleweka sawasawa na pande zote mbili yanavyoweza kuzaa hasara ya miaka sabini na zaidi.

Programu na leseni yake

Sasa turudi kwenye swali la walimu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta itende kazi fulani. Hapo mwanzo maagizo hayo hayakuuzwa peke yake, bali yalikuja pamoja na mtambo. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itaanza kuuza programu mbali na mitambo, na tangu hapo programu zikazidi kuwa bidhaa. Ugomvi haukuchelewa. Mwezi Februari 1976 kijana Bill Gates aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kunakili programu yake bila ya kulipa. Mwaka 1980 Marekani ilizitaja waziwazi programu katika sheria yake ya hakimiliki. Zambia ilifanya hivyo katika sheria yake ya mwaka 1994, na Tanzania katika sheria ya mwaka 1999.

Hapo ndipo chungu cha Nachituti kinapotufaa. Diski tuliyonunua ni chungu. Programu ni ziwa. Aghalabu muuzaji hatupi ziwa, bali hutupa leseni, yaani idhini ya kuchota kwa kiasi kilichotajwa. Hata neno letu la Kiswahili, kusakinisha, latukumbusha jambo hilo. Asili yake ni sakini, maana yake kukaa mahali. Programu iliyosakinishwa hukaa kwetu kama mkazi, lakini mmiliki wake angali kwingine.

Leseni si za namna moja. Ziko zinazoruhusu kompyuta moja tu; kompyuta kumi zahitaji leseni kumi, au leseni moja iliyotaja kumi. Ziko zinazouzwa pamoja na kompyuta mpya, ambazo mara nyingi haziruhusiwi kuhamishwa hata kompyuta hiyo ikifa. Ziko zinazohesabu watumiaji wa wakati mmoja: programu yaweza kuwamo katika kompyuta ishirini, lakini watano tu ndio waruhusiwao kuitumia kwa pamoja. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Borland ilitoa leseni iliyopendwa sana, iliyoifananisha programu na kitabu: waweza kuihamisha toka kompyuta hii hadi ile, na kumwazima mwenzio, ila isitumike mahali pawili kwa wakati mmoja. Ziko pia leseni za taasisi nzima, na ziko za mwaka mmoja mmoja. Wavuvi wa Nchelenge wanalijua jambo hili la muda, maana kila mwaka uvuvi wa Mweru hufungwa toka tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na mwenye leseni hawezi kusema kwamba leseni yake haijui miezi.

Namna ya mwisho ni ya pekee. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alianzisha kazi ya kutunga programu huru, na mwaka 1989 akatoa leseni inayomruhusu kila mtu kutumia, kunakili, kubadili na kugawa, kwa sharti kwamba anayegawa asiwanyime wengine uhuru huo huo. Leseni ya namna hiyo haihesabu kompyuta. Kwa sisi watu wa Kiswahili faida yake ilionekana mwezi Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili. Hawakulazimika kungoja idhini miaka minne kama wale wajumbe wa mwaka 1806, kwa kuwa ruhusa ya kufasiri na kugawa ilikuwa imekwisha kutolewa kwa wote.

Yatupasayo

Yatupasa nini, basi? Kwanza, tusome leseni kabla ya kukubali, wala tusibonyeze kitufe cha ndiyo kama mtu atiaye alama kwenye karatasi asiyoielewa. Pili, tuhesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shule na iwe na daftari lenye idadi ya kompyuta, majina ya programu, na ukomo wa kila leseni. Tatu, fedha isipotosha leseni kumi, tutafute programu huru ifanyayo kazi ile ile, badala ya kuwafundisha wanafunzi wizi kwa vitendo huku tukiwakataza kwa maneno.

Twajua kuna watakaosema kwamba makampuni ni tajiri na shule zetu ni maskini. Umaskini huo ni kweli. Lakini kijana tunayemfundisha leo kutunga programu au kuandika kitabu ndiye kesho atakayetaka haki yake iheshimiwe. Tukimzoesha kwamba kila chungu ni ziwa, atakapofika yeye na chungu chake hatakuta mtu wa kumwuliza: mwenzangu, umeniruhusu nini?