Hesabu ya Shayiri: Watu wa Sumer na Maandishi ya Kwanza

Leo tunakwenda mbali, mpaka kusini mwa nchi ya Iraki, katikati ya mito miwili mikubwa, Tigri na Frati. Hapo kale nchi hiyo iliitwa Sumer.

Ni nchi ya jua kali na mvua haba. Mawe ya kujengea ni shida, madini hakuna. Kilichojaa ni udongo, matete na maji ya mito. Wasumeri wakachimba mifereji, wakapeleka maji mashambani, wakavuna shayiri nyingi kupita haja ya nyumba zao. Basi wakajenga miji. Mmoja uliitwa Uruk, nao ulikuwa mji mkubwa yapata mwaka 3300 K.K., yaani kabla ya kuzaliwa Kristo.

Sasa fikirini. Shayiri ya mashamba mengi imo katika ghala moja la hekalu. Wachungaji, wafumaji, wavuvi na wapika pombe wote wanapata posho kutoka ghala hilo. Nani amekwisha kupokea? Nani ana deni? Kichwa cha mtu, hata akiwa mwerevu namna gani, hakiwezi kuyashika yote hayo. Hapo ndipo maandishi yalipozaliwa.

Watu wengi hudhani kwamba kuandika kulianza kwa ajili ya sala, au kwa kuwasifu wafalme. Sivyo. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata pale Uruk vibao vya udongo karibu 5,000 vya zamani zile, na vilivyo vingi ni hesabu tupu: shayiri, kondoo, pombe, nguo, posho. Wengine huwasifu Wasumeri kwa mahekalu yao marefu. Mimi navistahi zaidi vibao hivi.

Karani alitwaa donge la udongo mbichi, akalibapa mkononi, akachora kwa ncha ya tete. Kichwa cha ng'ombe maana yake ng'ombe. Kichwa cha mtu kando ya bakuli maana yake kula, au posho. Baadaye aliacha kuchora, akawa anagandamiza tu ncha ya tete, na alama zikatokea kama kabari ndogo. Kwa hiyo twayaita maandishi ya kabari.

Lakini picha ina mpaka wake. Utachoraje uhai? Wasumeri walipata hila. Katika lugha yao neno "ti" lilikuwa mshale, tena lilikuwa uhai. Wakachora mshale, wakasoma uhai. Jaribuni wenyewe kwa Kiswahili: mtu akichora kaa wa pwani, nawe ukasoma "kaa kitako", umefanya kama wao. Hivyo alama ikaanza kushika sauti ya mdomo, na hata jina la mtu likaandikika.

Waliojua kazi hiyo walikuwa wachache. Shule yao iliitwa "nyumba ya vibao", na wanafunzi karibu wote walikuwa wavulana wa watu wenye nafasi. Vibao vyao vya mazoezi vimepatikana, hasa katika mji wa Nippur: mwandiko mzuri wa mwalimu, na kando yake wa mwanafunzi, umepinda kama unavyopinda wa kila anayeanza. Kisa kimoja chasimulia mwanafunzi aliyechapwa mara nyingi kwa siku moja, hata kwa mwandiko mbaya. Baba yake akamwalika mwalimu nyumbani, akamlisha, akampa nguo mpya. Mara mwalimu akaanza kumsifu mtoto!

Na mfumaji je? Yeye aliandikiwa vipimo vyake vya shayiri, wala hakuweza kukisoma kibao. Kama karani alipunguza, angejuaje? Kwa muda mrefu maandishi yalimtumikia mwenye ghala, si mpokea posho.

Hata hivyo, yapata mwaka 2350 K.K. mfalme Urukagina wa mji wa Lagash aliandikisha amri za kupunguza ada, kwa mfano mikate na pombe waliyotozwa watu wakati wa kuzika maiti. Yapata mwaka 2100 K.K. zikaandikwa sheria za Ur-Nammu, mfalme wa Ur, ambazo ni za zamani kuliko sheria zote zilizopatikana. Aliyemtoa mwenzake jicho alilipa nusu mina ya fedha. Hammurabi wa Babeli, aliyekuja miaka 300 baadaye, ndiye aliyeagiza jicho kwa jicho.

Mwaka 2004 K.K. Waelamu waliuangusha mji wa Ur. Lugha ya Kisumeri ikanyamaza vinywani mwa watu, ila shuleni ikaendelea kufundishwa. Maandishi ya kabari, ambayo mataifa jirani waliyaazima, yalitumika mpaka yapata mwaka 75 baada ya Kristo, kisha yakasahauliwa kabisa. Mwaka 1857, huko London, wataalamu wanne walipewa nakala moja ya maandishi ya Waashuru, kila mtu aifasiri peke yake na kuifunga kwa lakiri. Bahasha zilipofunguliwa, tafsiri zilifanana! Baadaye Kisumeri nacho kikasomeka.

Limebaki jambo moja mnaloliona kila siku. Wasumeri walihesabu kwa sitini, maana 60 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila baki. Ile mina ya fedha ilikuwa shekeli 60. Wababeli walirithi hesabu hiyo, Wagiriki wakaipokea kwao, nayo imefika mpaka kwenye saa ya ukutani: dakika 60 kwa saa moja, sekunde 60 kwa dakika moja.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: karani, kibao, ghala, posho, shayiri. Kisha fanyeni hesabu hii: nusu mina ni shekeli ngapi?