Ugonjwa wa baipola: urithi na msongo wa oksidishaji

Baipola ni ugonjwa wa hisia ambamo vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi hupokezana na vipindi vya sonona. Hujirudia katika baadhi ya koo. Tafiti za pacha hukadiria kuwa asilimia 60 hadi 85 ya tofauti za uwezekano wa kuugua hutokana na urithi. Kwa sonona pekee ni kama asilimia 37. Hata hivyo hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Uchambuzi wa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 40,000, ulibaini maeneo 64 ya jenomu, kila moja likiwa na mchango mdogo. Jeni ya CACNA1C, inayohusika na upitishaji wa kalsiamu katika seli za neva, hutajwa mara nyingi.

Kalsiamu ikizidi ndani ya seli huzielemea mitokondria, nazo huvujisha molekuli haribifu za oksijeni. Ubongo uko hatarini zaidi: ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni, na umejaa mafuta yanayoharibika kwa urahisi. Kinga ya seli, hasa glutathioni, ikizidiwa, ndipo msongo wa oksidishaji hutokea. Dalili zake zimepimwa katika damu ya wagonjwa, ingawa hilo halithibitishi chanzo. Sigara nayo huziongeza.

Majaribio ya N-asetilisisteini, malighafi ya glutathioni, yametoa majibu yanayopingana. Lithiamu, iliyoripotiwa na John Cade wa Australia mwaka 1949, ingali dawa ya msingi.