Waliokataa mrija wa urwagwa

Kwenye harusi za walokole, Wakristo waliookoka, wa Kigali leo mgeni huletewa Fanta badala ya pombe, na hakuna anayenung'unika. Miaka ya 1930 jambo hilo lingevunja ujirani.

Chimbuko la desturi hiyo ni Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Kigali. Njaa ya Rwakayihura ya 1928–1929 ilikuwa imeielemea hospitali ya wamisionari wa Kianglikana iliyokuwa pale. Daktari wake, Joe Church, akaenda Kampala akiwa hoi. Huko, Septemba 1929, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyeacha kazi ya serikali, na hata viatu, ili ahubiri. Wakaketi na Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Alifariki Januari 1936, na mwaka huohuo uamsho wa kiroho ukashika kasi Gahini. Watu walitubu hadharani. Wafanyakazi wa hospitali walirudisha vitu walivyoiba. Hirizi zikatupwa, tumbaku ikaachwa, pombe ikaachwa.

Pombe ndiyo iliyouma. Urwagwa, pombe ya ndizi, uliletwa katika chombo kimoja. Mwenyeji alionja kwanza kuonyesha hakuna sumu, kisha mrija ulipita kinywa hadi kinywa. Posa, shukrani, kusuluhisha ugomvi, yote yalipita hapo. Aliyeukataa mrija alionekana amewashuku wenzake, au amewadharau.

Ndiyo maana naamini walokole hao walibeba mzigo ambao mtawa Antoni wa Misri hakuubeba. Antoni aliuza mashamba yake karne ya tatu, akaingia jangwani na kula mkate na chumvi. Alipambana na nafsi yake, lakini hapakuwa na baba mkwe wa kumkatalia kinywaji. Walokole walijinyima wakiwa nyumbani, mbele ya ndugu walioumizwa na kujinyima kwao.

Uamsho ulipoenea nje ya Rwanda, ukali huo ulizaa madhara pia. Kwenye mikutano ya ushirika, mavazi na madeni ya mtu yaliweza kuhojiwa mbele ya wote, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Yona Mondo nchini Uganda lilipiga marufuku kukopa, ndugu wakagawanyika. Hapo, kwa maoni yangu, toba iligeuka kipimo cha kupimia wengine.

Lakini ukali huohuo ulizaa ujasiri pia: Kenya, wakati wa uasi wa Mau Mau miaka ya 1950, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha waasi, na wengine walikataa pia bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa.