Kitabu cha Watatari

Watatari wa Kazan, mji ulio kando ya mto Volga, husema lugha ya jamaa ya Kituruki. Neno lao kitap ni ndugu wa kitabu chetu, kwani yote mawili yatoka katika Kiarabu. Ila sisi twageuza mwanzo, vitabu, nao huongeza mwisho, kitaplar. Wazee wao, kama wa pwani yetu, waliandika kwa herufi za Kiarabu. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kisovyeti iliwapa herufi za Kilatini, na mwaka 1939 ikawapa za Kirusi. Basi mtoto aliyesoma shuleni hakuweza kusoma kitabu cha babu yake, ingawa lugha yao ni moja. Twaona ya kuwa lugha yaweza kudumu kinywani, na hazina yake ikafungwa.