Mtoto wa Lugha Mbili na Shule Yake ya Kwanza

Katika nchi yetu ya Bariadi kuna swali ambalo wazazi huulizana kila ukaribiapo mwezi wa Januari, mwaka wa shule unapoanza. Husema hivi: "Mtoto wetu ametimiza miaka mitano. Bibi yake humsemesha Kisukuma, na sisi wazazi humsemesha Kiswahili. Je, tumpeleke darasa la awali katika shule ya Serikali hapa karibu, wanakofundisha kwa Kiswahili, au tuuze ng'ombe tumlipie ada katika chekechea ya Kiingereza?" Swali hili si dogo, maana ndani yake mna mali ya nyumba na mna ulimi wa mtoto. Tumeona mume na mke wakigombana kwa ajili yake, hata wazee wakaitwa kusuluhisha.

Sisi walimu hatupendi kujibu kwa haraka. Twaona ni vema kwanza kutazama nyuma, kwa sababu jambo hili si geni. Babu zetu nao waliulizwa swali hili kwa namna nyingine, na yaliyowapata yaweza kutufaa leo.

Zamani, kabla ya kuja shule za kuandika, mtoto wa Kisukuma alikuwa na shule yake. Jioni, ng'ombe wakiisha kuingia zizini, wanaume na wavulana walikusanyika penye moto wa nje, ndio uitwao shikome. Hapo watoto walisikia hadithi na vitendawili, habari za ukoo na za mvua, adabu ya kusalimu wakubwa, na namna ya kuchunga mifugo. Wasichana walifundishwa na mama na bibi zao, penye moto wa jikoni na penye jiwe la kusagia. Hatusemi haya ili kusifu kila jambo la kale. Maana shikome halikumfundisha mtu kusoma barua, wala kuangalia mizani siku ya kuuza pamba. Lakini lilikuwa na jambo moja kubwa: mtoto asiyeelewa aliweza kuuliza, kwa kuwa lugha ya mafundisho ilikuwa lugha yake.

Hata huko Ulaya mambo yalianza hivyo. Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, alifungua shule ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka wa 1837, na mwaka wa 1840 akaipa jina ambalo maana yake ni "bustani ya watoto". Alitaka watoto wacheze, waimbe, wajenge kwa vipande vya miti na kupanda mimea. Tena aliziheshimu sana nyimbo ambazo mama humwimbia mtoto wake. Chekechea nyingi za dunia zimetoka katika bustani ile. Basi tukumbuke kwamba mwenye kuianzisha hakutaka kumtenga mtoto na kinywa cha mama yake.

Mlango wa kwanza wa kusoma katika nchi hii ulikuwa Nassa, kando ya ziwa, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busega. Mwisho wa karne ya kumi na tisa wamisionari wa C.M.S. walikaa hapo, na mwaka wa 1909 wakawaachia kazi ndugu zao wa Africa Inland Mission. Wageni hawa waliona upesi kwamba mtu hashiki neno lisilogusa masikio yake, nao wakajifunza Kisukuma na kukiandika. Agano Jipya la Kisukuma lilipigwa chapa mwaka wa 1925, na Biblia nzima mwaka wa 1960. Katika shule ndogo za vijijini, watu walijifunza herufi za kwanza kwa maneno waliyoyajua tangu utotoni.

Upande wa Serikali mambo yalikwenda njia nyingine. Wadachi walikuwa wamefungua shule ya Serikali huko Tanga mwaka wa 1892, wakafundisha kwa Kiswahili, ili wapate makarani na maakida wa kutumwa kila mahali. Walipokuja Waingereza baada ya vita vya kwanza, palikuwa na shauri kubwa. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, ikasema kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya wenyeji, na mwaka wa 1925 Serikali ya London ikatoa maelekezo yaliyokaribiana na hayo. Lakini Tanganyika ina makabila zaidi ya mia, na vitabu havikutosha kwa lugha zote. Kwa hiyo Kiswahili kilishika shule. Mwaka wa 1928 walikutana Mombasa wakachagua Kiswahili cha Unguja kiwe kipimo, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu. Kiingereza kiliwekwa kwa wale wachache waliopanda madarasa ya juu. Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na shule zao mbalimbali, na kila moja ilikuwa na lugha yake na fedha zake. Tangu hapo ndipo watu walipoingiwa na wazo kwamba shule ya Kiingereza ni shule ya wakubwa. Wazo hilo halikuzaliwa jana.

Basi mtoto wa Ntuzu aliyeingia shuleni zamani hizo alikuta lugha ya pili mlangoni na ya tatu juu ya ngazi. Je, aliweza kupanda? Wengi walishindwa, wengine waliweza. Tutazame jirani yetu mmoja wa Mara, Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka wa 1922. Nyumbani alisema Kizanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, akiwa na miaka 12, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Mwaka wa 1937 akaenda Tabora, wanakofundisha kwa Kiingereza. Baadaye, akiisha kuwa Rais, alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar ilitoka mwaka wa 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Hapa wengine husema, "Mnaona? Lugha hazimdhuru mtoto." Ni kweli. Lakini tuangalie na ule utaratibu. Kizanaki kilikuwa kimekomaa kinywani mwake kabla hajaongezwa Kiswahili, na Kiswahili kilipata miaka yake kabla ya Kiingereza kuwa lugha ya masomo. Alipanda ngazi kwa vipandio, hakurushwa juu ya paa.

Baada ya Uhuru, Serikali iliondoa ubaguzi wa rangi katika shule, tangu mwaka wa 1962. Mwaka wa 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mafundisho katika shule zote za msingi za Serikali. Hilo lilikuwa jambo la heshima, maana mtoto wa mkulima wa Maswa na mtoto wa karani wa Dar es Salaam walisoma kitabu kimoja. Lakini sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilishauri mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kiendelee juu; shauri hilo halikutimizwa. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa sekondari, wakakuta kwamba Kiingereza cha wengi hakikutosha hata kidogo kwa kujifunzia. Pengo hilo ndilo linalowasumbua wazazi hata leo. Mzazi amemwona mwanawe mkubwa akifaulu darasa la saba, kisha akafika kidato cha kwanza akawa kama bubu. Anapoapa kwamba huyu mdogo hayatampata hayo, hatuwezi kumwita mpumbavu. Hofu yake ina sababu.

Sera ya Elimu ya mwaka wa 1995 iliyaingiza madarasa ya awali katika utaratibu wa nchi, nayo yakawa ya Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo mlango ulifunguliwa tena kwa watu binafsi na makanisa kufungua shule za msingi na chekechea zinazofundisha kwa Kiingereza. Zile hasa ziitwazo za kimataifa ziko mbali na sisi, mathalan ile ya Isamilo, Mwanza, ya mwaka wa 1956, na International School of Tanganyika, Dar es Salaam, ya mwaka wa 1963. Lakini jina lao na kivuli chao vimefika vijijini. Simiyu ilipofanywa mkoa mwezi wa Machi 2012, na Bariadi kuwa makao yake, watumishi wengi walihamia, na chekechea za Kiingereza zikawafuata. Tangu mwaka wa 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali. Watoto wakafurika, na mzazi akatazama darasa lililojaa upande huu, na gari lenye rangi nzuri upande ule.

Lakini kuna jambo lililotendeka hapa kwetu ambalo wengi wamelisahau. Kati ya mwaka wa 2014 na 2020 mpango uitwao EQUIP-Tanzania, uliosaidiwa na Serikali ya Uingereza, ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo. Waliona kwamba watoto wengi hufika darasa la kwanza bila kujua Kiswahili cha kutosha. Basi wakachaguliwa watu wa kijiji hicho hicho, wakafundishwa kidogo, wakakusanya watoto kabla hawajaanza shule, wakawasimulia hadithi, wakaimba na kucheza nao, na kuwatoa polepole katika lugha ya nyumbani hata kufika Kiswahili cha darasani. Twaona kwamba lile lilikuwa kama shikome lililorudi mchana. Na huko Nigeria, tangu mwaka wa 1970, walimu wa Ife waliwafundisha watoto wa shule ya msingi miaka sita kwa Kiyoruba, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Watoto wale hawakuwa nyuma ya wenzao katika masomo, wala katika Kiingereza chenyewe.

Wazee hupenda kutuonya, "Mshika mbili, moja humponyoka." Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu afukuzaye kanga wawili porini. Kwa lugha si hivyo. Mtoto ajuaye kwamba nyumba kwa bibi ni numba, na mbuzi kwa bibi ni mbuli, hakupoteza kitu. Amekwisha kutambua kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina mawili, na la tatu halitamtisha. Kinachomponyoka mtoto ni lugha aliyonyang'anywa kabla haijakomaa. Tulipata kumwona mtoto mmoja aliyepelekwa mapema katika chekechea ambako aliadhibiwa kwa kusema lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza. Baada ya mwaka alijua kuimba herufi zote. Lakini bibi yake alipomwamkia, "Mwangaluka," alitazama chini. Tukamwuliza kwa Kiingereza jana alicheza mchezo gani, akatujibu jina lake na umri wake, maana hayo ndiyo aliyokaririshwa. Alikuwa na lugha tatu, wala hakuwa na moja ya kuulizia swali.

Basi tufanyeje? Hatusemi kwamba chekechea zote za Kiingereza ni mbaya, maana zimo zenye walimu wema na watoto wenye furaha. Wala hatusemi kwamba kila darasa la awali la Serikali ni jema, maana yako ambayo mwalimu mmoja hukabili watoto wasiohesabika. Twasema hivi: mzazi asinunue jina. Kabla ya kuuza ng'ombe aende akaketi darasani saa nzima na kusikiliza. Je, watoto wanasema, au wanaitikia tu kwa pamoja? Je, mtoto akikosa neno akalisema kwa Kiswahili au Kisukuma, mwalimu humsaidia au humwaibisha? Je, mwalimu mwenyewe aijua lugha anayoifundisha? Tena ahesabu ada ya miaka yote, si ya mwaka mmoja. Kwa kuwa mtoto aliyeanza kwa Kiingereza akarudishwa katikati kwa kukosa fedha huumia mara mbili.

Na kama nyumba haina uwezo wa ada, isihuzunike. Mtoto wa darasa la awali la kijijini, anayesomewa kitabu kimoja jioni na baba yake kwa Kiswahili, na kusimuliwa hadithi na bibi yake kwa Kisukuma, anawekewa msingi ambao Kiingereza kitasimama juu yake wakati wake ukifika. Kazi ya kudai kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri katika shule za Serikali ni yetu sote, katika mikutano ya wazazi na kamati za shule. Tusimwachie mtoto wa miaka mitano mzigo wa kuziba pengo ambalo watu wazima wameliacha tangu mwaka wa 1967.

Jioni ya leo, kabla hamjaamua, mkalisheni huyo mtoto penye moto, mkamwache aulize maswali yote aliyo nayo. Sikilizeni anayauliza kwa lugha gani. Kisha mtafuteni mwalimu ambaye kesho ataweza kuyasikia.